Asilimia Sabini na Moja

Watu wa kazi niliyoifanya zamani wakiiacha, huenda mahali panapojulikana. Wengine huingia benki na kupewa cheo chenye neno "mkakati" ndani yake. Wengine huenda kwa mashirika ya wafadhili, wakaanza kuvaa viatu vya kutembelea porini hata wakiwa ofisini na kutamka "jamii" kila sentensi ya pili. Wachache hufungua kampuni zao wenyewe za ushauri, yaani wanafanya kazi ile ile wakiwa na kadi mpya. Na kuna wale wanaosema wanapumzika kidogo, ukikutana nao baada ya mwaka bado wanapumzika.

Mimi nilienda kufuga samaki.

Nilikuwa mshauri wa makampuni kwa miaka tisa, ghorofa ya kumi na nne, Upper Hill, Nairobi. Kampuni yenye shida inakuita, unakaa nao wiki moja au mbili, unauliza maswali, unahesabu, unaandika ripoti yenye michoro ya rangi, halafu unapanda ndege unarudi. Nilikuwa hodari, sitajifanya sikuwa. Nilishauri viwanda vya sukari, hospitali, kaunti tatu, na hata kanisa moja lililogombana juu ya viti. Kisha siku moja, nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, nikagundua kwamba sijawahi kuona hata jambo moja nililopendekeza likifanywa. Nilikuwa kama mpishi asiyewahi kukaa kwenye meza ya wageni wake. Nilikasirika, na mimi nikikasirika lazima nifanye kitu. Barua ya kuacha kazi niliiandika kwenye simu kabla ndege haijapaa.

Muturi, tuliyekaa naye meza moja miaka sita, alikuwa ameshatangulia kwenda benki. Alinipigia akacheka mpaka akakohoa. Akasema nitamaliza miezi mitatu huko Kisumu kisha nitamtafuta anitafutie kazi ya heshima. Nikamwambia aihifadhi namba yangu vizuri, maana yeye ndiye atakayenitafuta.

Shamba lenyewe liko magharibi ya mji. Ni keji kumi na mbili, yaani nyavu kubwa zilizofungwa kwenye fremu zinazoelea ziwani, dakika kumi na tano kwa boti kutoka ufuoni, na ndani ya kila keji mna ngege, yaani sato, kwa maelfu. Wafanyakazi ni thelathini na wanne. Mwenye shamba ni Bwana Waweru, ambaye baba yake alihamia Kisumu kutoka Nyeri kuuza matairi. Waweru amezaliwa hapa na anaongea Dholuo, lugha ya Wajaluo, safi kuliko yangu mimi niliyezaliwa Kaloleni. Alilinunua shamba hilo mwaka juzi kutoka kwa mtu aliyechoka nalo. Alinihoji kwa dakika ishirini, akanipa umeneja, na miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa miezi hiyo angeamua kama nabaki au naenda.

Mama yangu, ambaye bado anaishi kwenye nyumba ile ile ya Kaloleni, aliniuliza kwanza kama nimefukuzwa. Nilipomwambia nimeacha kwa hiari akapika chai, kisha jioni hiyo hiyo akawatangazia wanawake wenzake wa kanisa kwamba binti yake amekuwa meneja wa ziwa. Sikumsahihisha. Nilitaka iwe kweli.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia Waweru, wala mama, wala mtu yeyote. Shamba lile nililijua.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, mwaka ule wa barakoa, mwenye shamba wa zamani aliiita kampuni yetu, na aliyetumwa alikuwa mimi. Nilikaa siku nane. Nilisimama kwenye fremu za keji nikiwa nimefunika uso mpaka chini ya macho, simu mkononi ikihesabu dakika, na kwenye karatasi zangu nikaandika kila mfanyakazi anafanya nini na kwa muda gani. Niliandika ripoti ya kurasa arobaini. Kwenye jalada kulikuwa na jina la kampuni tu, kama kawaida yetu. Kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi niliandika kwamba nimewahi kushughulikia ufugaji wa samaki eneo la Nyanza, na Waweru hakuuliza zaidi. Nilidhani ni faida. Nilidhani ninakuja kumalizia nilichoanza.

Wiki za kwanza nilitamba, na nilikuwa na sababu. Barafu ilikuwa ikifika baada ya samaki, nikaigeuza ifike kabla. Boti mbili zilikuwa zikienda pamoja na kurudi pamoja, nikazipishanisha. Magugu yalipoziba gati la kwetu, sikungoja mtu, niliingia majini na wenzangu tukayavuta kwa kamba asubuhi nzima. Siku hiyo Milka aliacha kuniita "Madam wa Nairobi" akaanza kuniita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni. Milka ndiye msimamizi wa wanawake wanaosafisha na kufungasha samaki. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ndogo na macho makubwa, na pale ufuoni hakuna jambo linalopita bila yeye kulikubali. Kuitwa nyar Kaloleni na Milka kulinifurahisha kuliko cheo chochote nilichopewa Upper Hill.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo niliposikia habari za Ripoti. Tulikuwa tumekaa kwenye makreti yaliyopinduliwa tukinywa chai, nikauliza kwa nini keji ya nne samaki wake wamechelewa kukua. Wote wakacheka. Mmoja akasema, uliza Ripoti. Nikajua kwamba hapo neno hilo ni tusi. Boti ikigoma kuwaka, ni Ripoti. Mvua ikinyesha siku ya mavuno, ni Ripoti.

Milka akanieleza. Zamani kulikuwa na mtu anaitwa Dishon Ondiek, Baba Maryanne, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha. Hakumwaga chakula kwa ndoo. Alikaa ukingoni mwa keji akitupa konzi moja, anaangalia, anatupa lingine, na samaki wakipunguza mbio za kukimbilia chakula, anaacha na kuhamia keji ya pili. Mdogo wake Milka, Apiyo, alikaa naye akiandika kwenye daftari kila anachosema. Kisha akaja msichana mmoja wa barakoa kutoka Nairobi na simu ya kuhesabu. Walimpa jina nyar Saa. Baada ya wiki mbili ikaja ripoti kwamba Dishon anakaa tu, na Apiyo anamwandikia mtu anayekaa. Wote wawili wakatolewa. Tangu hapo chakula kinapimwa kwa ndoo na kumwagwa kwa ratiba, saa mbili na saa tisa, samaki wale wasile.

Nilicheka nao. Nilishika kikombe changu cha chai nikacheka kama wengine, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Sentensi yenyewe niliikumbuka neno kwa neno, maana niliipenda nilipoiandika: "Mfanyakazi wa kulisha hutumia asilimia sabini na moja ya muda wake akiwa ameketi. Tunapendekeza nafasi hii iondolewe." Bosi wangu wa wakati huo aliipigia mstari na kuandika pembeni, safi sana.

Nilijiambia nitasema siku nyingine. Siku nyingine ikawa wiki sita.

Katika wiki ya kumi maji yalianza kunitisha. Chakula kilikuwa kikimwagwa na kubaki juu kinaelea, kisha kinazama. Keji ya tatu, ya nne na ya saba zilikuwa na samaki wazito, wamelala, hawaruki. Maji yalinuka tope. Nilikuwa na hoteli moja kubwa ya mjini iliyosubiri samaki wa keji hizo tatu, wa gramu mia nne na hamsini kila mmoja, na wa kwetu walikuwa bado mia tatu. Walihitaji wiki tatu zaidi. Oda hiyo niliileta mwenyewe, na Waweru alikuwa ameisifia mbele ya watu.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nilikaa na kompyuta nusu siku, nikatoka na njia tatu: kuvuna sasa, kungoja, au kuvuna nusu. Kila njia nilikuwa nimeipangia faida na hasara zake. Niliwaita Milka na manahodha wa boti zote mbili, nikawaeleza vizuri, na nilipomaliza wakaendelea kunitazama.

"Sawa, Madam," Milka akasema. "Sasa tufanye gani?"

Nikasema kila njia ina uzito wake. Akatingisha kichwa kwa heshima, akangoja. Wote wakangoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kunisubiri hivyo. Sikuzote, mahali hapo pa hotuba, mimi nilifunga kompyuta na mteja ndiye aliyebaki ametoa macho. Niliwaambia nitawajibu kesho, nikampigia Waweru. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyathina, mimi nilikuajiri ili nisiulizwe hayo," akasema. Mtoto wangu, aliniita, na hakuwa na hasira. "Ukishaamua, niambie umeamua nini."

Mtu mmoja tu angeweza kuniambia kuna nini chini ya maji yale. Mchana huo nikapanda bodaboda mpaka Mamboleo, pembezoni mwa mji.

Dishon Ondiek ana duka la vifaranga hapo Mamboleo, nyuma ya wauza mbao. Ni mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyotulia. Chumba cha ndani kilikuwa na joto la taa, na sakafuni vifaranga mia kadhaa wa siku tano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwaangalia. Nilimwamkia, nikasema mimi ni meneja wa shamba la keji. Akasema amesikia kuna nyar Kaloleni anayevuta magugu. Akanipa kigoda.

Ningeweza kumwomba msaada nikaishia hapo. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba kitu hicho, na mbele ya mtu huyo hasa ulimi ulikataa kuzunguka.

"Baba Maryanne, yule msichana wa barakoa ni mimi. Ripoti niliiandika mimi."

Hakugeuka. Alitupa unga kidogo kwa vifaranga, akaangalia.

"Uliandika aje?" akauliza.

Nikamsomea sentensi kutoka kichwani, yote, pamoja na "tunapendekeza". Nilipofika kwenye asilimia sabini na moja sauti yangu ilikuwa imepungua sana. Akachota unga mwingine, akautupa. Kisha akasema kwamba ile hesabu ni sawa, yeye mwenyewe angesema sabini, sabini na tano. Akaniambia nikae niangalie vifaranga.

Nilikaa. Sijui kama unajua kukaa ni kazi gani kwa mtu kama mimi. Dakika ya kumi nilitaka kutoa simu. Dakika ya ishirini nilikuwa nimepanga upya duka lake lote kichwani. Baada ya saa nzima akaniuliza nimeona nini, nikaanza, "Kuna mambo matatu."

"Sijauliza mambo ngapi."

Nikaona haya, nikatazama tena. Pembeni, karibu na ukuta, kulikuwa na kifaranga mmoja aliyekimbia kwenye chakula kila wenzake walipokimbia, akainama kama wao, lakini mdomo wake haukugusa unga. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Ber," akasema Dishon. Vizuri. Alimchukua akamweka kwenye boksi dogo peke yake, kisha ndipo tukazungumza.

Kurudi kazini hakutaka kusikia. Alisema alipotolewa alikaa nyumbani mwezi mzima akiona haya kukaa, kila akiketi anakumbuka kwamba kukaa kwake kumeandikwa. Alinieleza hivyo kwa sauti ile ile ya kueleza chakula cha vifaranga, na nililia kidogo, naye akaniacha nilie. Sasa ana duka lake na hataki bosi. Lakini angekuja kesho yake, siku moja, aangalie, aniambie, aende zake.

"Kazi yako ya zamani, si ndiyo hiyo?" akasema. "Unakuja, unaangalia, unasema, unaenda. Mimi nitafanya hiyo. Ile ya kubaki utafanya wewe."

Nilipokuwa natoka aliniuliza kama watu wa ufuoni wanajua. Nikasema hawajui. Akarudia vifaranga wake.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, kabla boti hazijaondoka, niliwaita wote thelathini na wanne pale kwenye makreti. Dishon alikuwa amefika, amesimama nyuma na kofia yake. Watu walikuwa wakimsalimia kwa furaha na kuniangalia mimi wakijiuliza kuna nini. Nilijua ninachoweka rehani. Miezi yangu ya majaribio ilikuwa imebakiza chini ya wiki mbili, na watu wale wakigoma kufanya kazi na mimi, Waweru asingekuwa na haja ya kufikiria.

"Nyar Saa ni mimi," nikasema. "Baba Maryanne na Apiyo walitolewa kwa sababu ya maneno yangu. Nilihesabu vibaya. Hapana, nilihesabu vizuri, lakini sikujua ninahesabu nini. Chakula kinachooza chini ya keji leo kilianzia kwangu. Nimewaficha wiki kumi na nilicheka na nyinyi mkinicheka. Samahani."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa boti alitema mate pembeni. Milka alivua glavu zake za mpira, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya meza ya kusafishia samaki, na mimi nikafikiri anaondoka.

"Apiyo aliuza cherehani yake mwaka hiyo," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Watoto wakae shule. Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Haukuuliza." Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akachukua glavu zake akazivaa tena. "Leo tuko na samaki. Wewe, tutakuja kwako baadaye."

Tukaenda kwenye keji. Dishon alikaa ukingoni mwa keji ya kwanza akiwa na ndoo nusu, na kwa saa tatu nzima alifanya kile nilichokiandika: aliketi. Konzi, anaangalia. Konzi, anaangalia. Alizamisha kopo lililofungwa kwenye kamba ndefu mpaka chini, akalivuta akanusa, akanipa nami ninuse. Lilinuka yai bovu. Mara moja tu alisimama, kutazama upande wa Homa Bay ambako mawingu yalikuwa yamekaa chini. Saa tano alirarua karatasi kwenye daftari langu akaandika, akanisomea. Keji tatu, nne na saba, chini yake chakula kimeoza kwa miaka. Upepo ukigeuka, maji ya chini yatapanda na samaki hawatapata hewa. Siku tatu, labda mbili. Zile nyingine ziko afadhali.

"Mimi nikikuwa wewe, ningetoa hizo samaki," akamalizia. "Lakini mimi si wewe."

Akapanda boti, akapanda bodaboda, akaenda kwa vifaranga wake. Nilimwangalia akiondoka nikacheka peke yangu, maana mgongo ule niliujua. Ulikuwa mgongo wangu kwa miaka tisa.

Milka alikuwa amesimama kwenye boti ya pili. Safari hii hakuuliza. Kwa hesabu za karatasi, kungoja bado kulikuwa na maana. Upepo ungeweza usigeuke, samaki wakaendelea kuelekea uzito wa hoteli, na mimi nikamaliza miezi yangu nikiwa bado na oda kubwa kuliko zote za shamba. Nikivuna, oda imekufa, na kama upepo usingegeuka ningeonekana mtu aliyetishwa na muuza vifaranga. Nilijua hayo yote. Nilijua pia harufu ya kopo lile. Nilichukua karatasi ya Dishon, chini ya maandishi yake nikaandika "Tunavuna leo, keji zote tatu," nikatia sahihi yangu na jina langu lote, Lorine Awuor Opondo. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na nikajikasirikia kwa kuchelewa hivyo.

"Tunavuna," nikamwambia Milka. "Yote."

Tulivuna mchana kutwa na siku iliyofuata. Wanawake wa soko waliitwa kutoka Manyatta na Kondele, wakaja na beseni zao, maana ngege wa gramu mia tatu ndiye samaki wa sahani ya mtu wa kawaida na hawezi kukosa mnunuzi. Hoteli niliipigia mwenyewe. Meneja wao alinifokea, nikamsikiliza, nikamwambia uamuzi ni wangu na asimtafute mwingine. Waweru nilimpigia baada ya boti ya kwanza kutia nanga, sio kabla.

"Na hii ingine nimesikia," akasema Waweru. "Kwamba wewe ndiye yule wa ripoti."

Nikasema ndiyo, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ya kuhojiwa.

"Ulipaswa," akasema. "Wiki ijayo, Ijumaa, miezi yako inaisha. Nitakuja. Sitakuuliza wewe kitu. Nitauliza Milka. Milka akisema uende, utaenda."

Upepo uligeuka Jumapili. Mimi nilikuwa kanisani na mama, na nilipotoka nikauona ukivuta sketi za wanakwaya kutoka upande ambao hauzoeleki. Nilikwenda ufuoni na nguo zangu za ibada. Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa. Keji ya tatu, ya nne na ya saba zilikuwa tupu, zinapanda na kushuka. Kwenye keji ya tano, ambayo Dishon alisema iko afadhali, tulikuta samaki arobaini na moja wamekufa. Wengine wote walikuwa hai. Milka, aliyefika naye akiwa amevaa za kanisa, aliwahesabu wale waliokufa mara mbili, kisha akasema niende nyumbani nikale.

Jumatatu wakaja kwangu, kama alivyoahidi. Wakaja wote, na mbele yao alikuwa Milka na mwanamke aliyefanana naye kwa macho. Alikuwa Apiyo. Nilimwambia uso kwa uso nilichokuwa nimewaambia wengine, nikamwambia nafasi yake imerudishwa na daftari lake jipya liko ofisini. Hakunishika mkono. Alisema atakuja, lakini ataandika kila kitu atakachokiona, hata cha meneja. Nikasema sawa. Kisha Milka akasoma hukumu, kwa maana wao walikuwa wamekaa chini wakaamua na hawakuniletea njia tatu. Dishon amekataa kurudi. Mtu wa kulisha hayupo. Kwa hiyo mpaka apatikane na ajifunze, kazi ya kulisha ataifanya nyar Saa mwenyewe, kila asubuhi, na atapimwa.

Ndivyo nilivyoketi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kutoka saa mbili mpaka saa tano, ukingoni mwa keji, ndoo nusu magotini. Konzi, naangalia. Apiyo kando yangu na daftari. Milka kwenye boti na simu yake, anahesabu dakika, na kila nilipotaka kusimama kwenda kurekebisha jambo fulani mahali fulani, anakohoa. Siku ya kwanza sikuona kitu ila maji. Siku ya tatu nilianza kuona kwamba samaki hawaji wote pamoja, kuna wanaotangulia na kuna wanaosubiri. Muturi alinitumia ujumbe akiuliza kama nimeshachoka. Sikumjibu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga wa samaki.

Ijumaa Waweru alikuja na boti ya saa nne. Nilimwona akikaribia, amevaa jaketi la kuokolea juu ya suti. Nilitaka kazi hiyo. Sikuwahi kutaka kazi yoyote namna hiyo, wala ile ya kwanza, wala ile ya ghorofa ya kumi na nne. Lakini samaki wa keji ya tisa walikuwa katikati ya kula na sikuweza kusimama.

"Upande wa kushoto wamepunguza," nikamwambia Apiyo. "Jana hawakupunguza mapema hivi. Tuwape nusu."

Apiyo akainama akatazama, akaandika bila kubisha. Waweru alikuwa amesikia. Alinitazama mimi na ndoo yangu, kisha akageuka kwa Milka kama alivyokuwa ameahidi, akamuuliza kama huyu meneja anafanya kazi au aende.

Milka aliangalia simu yake.

"Masaa mbili na dakika kumi," akasema. "Hajasimama hata mara moja. Unataka afanye kazi gani ingine?"

Nikatupa konzi lingine, nikaangalia.